Siasa kwenye Grupu la Ukoo: Namna ya Kubishana na Mtu Mtakayekutana Naye Msibani

Kila grupu la WhatsApp la ukoo lina watu wake. Yupo anayetuma picha ya waridi na "asubuhi njema" saa kumi na moja alfajiri. Yupo mweka hazina anayebandika orodha ya michango, na majina ya ambao hawajatoa yako juu kabisa. Yupo shemeji ambaye hajawahi kuandika neno tangu grupu lifunguliwe, ila tiki za bluu zinamuumbua kwamba husoma kila kitu. Halafu wapo wale wawili, mmoja wa chama tawala na mwingine wa upinzani, ambao kila uchaguzi ukikaribia ninyi wengine mnazima sauti za simu.

Vidokezo hivi ni vya wale wawili, na vya yeyote ambaye siku moja hushindwa kujizuia akaingia katikati yao. Sitamwambia mtu aache siasa. Bei ya unga ni siasa, barabara ya kijijini ni siasa, na ukoo usiozungumzia mambo hayo utakuwa unazungumzia nini? Tatizo la ubishi wetu si ukali wake. Tunabishana kana kwamba upande wa pili yupo mgeni tusiyemjua, na kumbe ndiye huyohuyo atakayeombwa gari usiku mama akizidiwa.

1. Jua umesimama uwanja gani

Sentensi moja ina uzito tofauti mahali tofauti. Tovuti ya mijadala ya JamiiForums, tangu ilipoanza mwaka 2006, imejaa watu wenye majina ya bandia. Ukimwita mtu mpumbavu pale, umeitukana barakoa, na kesho barakoa hiyo inaendelea na shughuli zake. Mtandao wa X una wageni wasiojuana, na maneno yako yatasomwa na watu usiowafahamu miaka mitano baadaye. Kwenye WhatsApp kuna namba yako ya simu, picha yako ya siku ya harusi, na mama mkwe.

Kwa hiyo kabla ya kujibu, jiulize jambo moja: huyu mtu alichanga kwenye msiba wetu? Kama jibu ni ndiyo, andika ukilijua hilo. Huna haja ya kuilegeza hoja. Ondoa tu yale maneno ambayo hungeweza kuyatamka mkiwa mmekaa mkeka mmoja.

2. Salamu kwanza, hasa kwa mkubwa

Mitandao imetufundisha kurukia hoja bila hodi, na kwa mgeni labda hilo halina neno. Kwa baba mdogo ni vita. Linganisha: "Hiyo takwimu ni ya uongo." Na hii: "Shikamoo baba mdogo. Hapo kwenye takwimu naomba nitofautiane nawe kidogo." Kilichopingwa ni kilekile. Ila wa pili amempa mzee nafasi ya kujibu bila kulazimika kwanza kulinda heshima yake mbele ya watoto wake waliomo humo humo.

Kuna vijana wanaoona huu ni unafiki. Wajaribu wiki mbili waone nani anajibiwa hoja na nani anajibiwa "mtoto umeanza lini kunifundisha."

3. Uliza ibara ya ngapi, kituo gani

Ubishi mwingi wa siasa ni wa watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyesoma kinachobishaniwa. Chukua sakata la bandari. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai yalitiwa saini Oktoba 2022, Bunge likayaridhia Juni 10, 2023, na kwa miezi iliyofuata sidhani kuna grupu lililosalimika. Hawa wanasema bandari imeuzwa milele. Wale wanasema wanaopinga wametumwa. Wakati huohuo maandishi yenyewe yalikuwa yakizunguka kwenye simu zilezile, na si kitabu kinene.

Aliyeuliza "ibara ya ngapi?" alibadilisha mazungumzo. Ibara ya 23, iliyohusu muda na ukomo, ilikuwa na maneno mazito kweli: pande mbili hazikuruhusiwa kujitoa wala kusitisha makubaliano hata pakitokea ukiukwaji mkubwa. Mpingaji alikuwa na kitu cha kushika mkononi, si hisia tu. Mtetezi naye alikuwa na chake: yale yalikuwa makubaliano ya kiserikali ya kuweka msingi, mikataba ya uendeshaji ilikuwa haijaandikwa. Uliposainiwa Dodoma Oktoba 22, 2023, mkataba wa uendeshaji na DP World, kampuni ya Dubai, ulihusu gati namba 4 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam, kwa miaka 30. Si nchi nzima, si milele, na wala si jambo dogo. Watu wawili waliosoma wangeweza kubishana juu ya hiyo miaka 30 hadi usiku wa manane, na kila mmoja akalala akiwa amejifunza kitu.

Wakenya wana mfano mzuri zaidi. Uchaguzi wa Agosti 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, ilibandika fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti yake ili kila mwananchi azione, na vituo vilikuwa 46,229. Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, pengo jembamba la kutosha kuwasha kila grupu kutoka Kisumu hadi Eldoret. Lakini safari hii kulikuwa na swali la kuuliza: kituo gani? Taja, tufungue fomu, tusome wote. Sisemi fomu zilimaliza ubishi. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambayo iliyathibitisha Septemba 5. Ila waliobishana kwa fomu walau walikuwa wanabishana kuhusu kitu kimoja, na hilo ni nadra kuliko unavyodhani.

Sasa tahadhari. Kuomba ushahidi kunaweza kuwa kejeli tu ya mtu asiyetaka kusikia. Ukiomba, usome unacholetewa. Na ukiombwa wewe, usijifiche nyuma ya "lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo imebeba uzushi mwingi mno. Kama huna maandishi, sema "hili nimelisikia tu." Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo.

4. Aliyeforwadi si mwandishi

WhatsApp huweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa kwa zaidi ya grupu moja au mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukiiona mishale hiyo, fahamu kwamba mjomba hakuyaandika yale maneno. Pengine hata hakuyasoma hadi mwisho. Aliona kichwa cha habari kikamfurahisha, akapeleka mbele.

Basi usimshambulie mjomba kana kwamba ndiye aliyekaa usiku kucha kutunga uongo. Mfuate pembeni: "Mjomba, ile picha ya mafuriko naona ni ya zamani, si ya jana." Mkiwa wawili tu, watu wengi huifuta wenyewe. Ukimuumbua mbele ya wakwe, ataitetea picha ambayo hata yeye alianza kuitilia shaka. Na kama ni jambo kubwa ambalo grupu zima limeshalimeza, tuma kiungo cha wanaohakiki habari, mfano PesaCheck, bila kuongeza "haya sasa mmeona?"

5. Toka kwenye chama, ingia kwenye jambo

Watu wanaotofautiana kwa rangi ya kofia mara nyingi hawatofautiani hata kidogo juu ya kinachowauma. Jaribu kikokotoo cha mafao ya kustaafu Tanzania. Mwalimu wa CCM na mwalimu wa CHADEMA waliokuwa hawasalimiani grupuni walikuta wako upande mmoja, maana fomula ya mafao ya mkupuo haiulizi kadi. Mwaka 2018 kanuni mpya zilileta asilimia 25, Rais Magufuli akazisitisha Desemba mwaka huohuo baada ya kelele za wafanyakazi. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu kabla ya mabadiliko. Kila hatua hapo kuna kitu cha kusifu na kitu cha kulalamikia, bila kujali unampigia nani kura.

Kenya jambo hilo lilikuwa Muswada wa Fedha wa 2024. VAT ya asilimia 16 kwenye mkate iliwaunganisha watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa wakiitana majina, na kabla muswada haujafika kura ya Juni 25 ulikuwa umesomwa kifungu kwa kifungu, ukafafanuliwa hadi kwa lugha za nyumbani. Siku ya pili yake Rais Ruto akasema hatautia saini.

Kwa hiyo mjadala wa "chama chenu" ukikwama, shuka chini. Uliza kuhusu maji, ada, mbolea. Hapo ndipo utagundua mpinzani wako ana habari usizokuwa nazo, kwa sababu yeye ndiye anayelima.

6. Chawa, nyumbu, mataga

Ukishamwita mtu chawa, au lolote kati ya majina haya ya kejeli za kisiasa, mjadala umekwisha. Kilichobaki ni matusi yenye vituo na mikato. Sina zaidi.

7. Waandikie walio kimya

Kwenye grupu la watu mia mbili wanaobishana ni watatu, wanne. Hao hawatabadilika leo. Wanaoweza kubadilika ni wale wanaosoma wakiwa kwenye daladala na hawatajibu kamwe: yule shemeji wa tiki za bluu, binti wa chuo anayepiga kura kwa mara ya kwanza, shangazi asiyependa makelele. Hao ndio baraza lako.

Ukilijua hilo, mambo mengi hurahisika. Huna haja ya kujibu kila jibu. Huna haja ya neno la mwisho. Anayekazana kulipata huonekana amepaniki. Na utaacha kutuma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Msomaji kimya hausikilizi, maana yuko kazini, au kando ya mtoto aliyelala, au bando limebaki kidogo. Kama ni video ya hotuba ya saa nzima, eleza kwa sentensi mbili kilichosemwa na utaje dakika yenyewe. "Sikiliza hapo mpaka mwisho" ni kumpa mtu kazi ya nyumbani.

Na pale mpinzani anaposema kitu cha kweli, kikubali waziwazi, kwa jina lake. "Hapo kwa dawa vituoni, dada yuko sahihi, hali ni mbaya." Shemeji wa tiki za bluu anaandika hilo moyoni. Siku utakayosema dada amekosea, atakuamini.

8. Pima nani analipa gharama

Ukoo siku hizi umeenea. Binamu mmoja yuko Minneapolis, mwingine Muscat, na mara nyingi wa mbali ndiye mwenye maneno makali zaidi. Namuelewa, uchungu wa nchi hauishi kwa kupanda ndege, na fedha anazotuma ndizo zinazoonja bei za huku. Lakini anayemjibu yuko Mwanza, ameajiriwa serikalini, na skrinishoti husafiri.

Sheria zipo. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iliweka kwa kuchapisha taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kenya, sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inamtoza mwenye matamshi ya chuki hadi shilingi milioni moja, au miaka mitatu ndani, au vyote. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu namna sheria hizi zinavyotumika na dhidi ya nani hasa (mimi ninayo). Ila usimsukume ndugu aliyeko nyumbani "ajitokeze" kwa ushujaa ambao wewe hutaulipia. Na usimwite mwoga akinyamaza.

Upande wa pili pia: kumwambia wa nje "wewe huishi huku, huna la kusema" ni dhuluma, hasa kama ada za watoto mwezi uliopita alilipa yeye.

9. Ikigusa dini, kabila au asili ya mtu, shuka kwenye gari

Sakata la bandari lilianza na mkataba. Kufikia Agosti 2023, Baraza la Maaskofu Katoliki lilipotoa tamko la kuupinga, magrupu mengi yalikuwa hayabishani tena juu ya gati wala ibara. Yalikuwa yanahesabu nani Mkristo na nani Mwislamu, nani wa Bara na nani wa Visiwani. Watu waliooleana miaka thelathini wakajikuta wamepangwa mistari miwili.

Hapo usijibu hoja, maana haipo tena. Andika mara moja, kwa upole: "Tulikuwa kwenye mkataba. Humu tumo wa dini zote, tuishie hapa." Kisha uishie kweli. Ni vizuri zaidi neno hilo likitoka kwa mtu wa upande uleule wa aliyevuka mpaka. Mwislamu akimtuliza Mwislamu mwenzake, au Mkikuyu akimtuliza Mkikuyu mwenzake, kunasaidia kuliko karipio la mtu wa upande wa pili.

10. Admin, jiangalie

"Humu siasa marufuku" ni kanuni nzuri kwenye karatasi. Kinachotokea ni kwamba picha ya waziri akizindua kisima huitwa taarifa, na picha ya kisima kilekile kimekauka huitwa siasa. Watu wana macho. Kama unafuta, futa vyote, na wewe mwenyewe uliyeweka kanuni usije na video ya mkutano wa hadhara kwa kisingizio cha "burudani tu."

Njia inayofanya kazi ni kufungua grupu la pembeni la wanaopenda mijadala, aingie anayetaka, na lile la ukoo libaki na misiba, harusi na michango. Wenye ubishi wao wataufurahia zaidi huko, kwa kuwa aliyeingia ameingia kwa hiari. Usisahau tu kumwalika na yule usiyemkubali, la sivyo umeanzisha tawi la chama.

11. Kuna siku za kutobishana

Uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025 uliandamana na maandamano, watu wakauawa, na intaneti ikazimwa. Iliporudi mwanzoni mwa Novemba, watu walipokea kwenye simu zao onyo la polisi dhidi ya kusambaza picha na video za kuleta taharuki. Idadi ya waliokufa yenyewe ikawa jambo la kubishaniwa.

Siku kama hizo kinachoandikwa kwanza ni "wote mpo?" Kama ndani ya grupu yupo anayemtafuta kijana wake, "tuliwaambia msitoke" ni ukatili, na "ninyi mlioipigia serikali kura" ni ukatili vilevile. Mjadala wa nani alikosea utakuja, na uje, maana ukoo uliopoteza mtu una haki ya kuuliza. Lakini aanze yeye aliyefiwa. Wengine wasubiri.

12. Kutoka bila kubamiza mlango

Zamani ukitoka kwenye grupu, wote waliona jina lako na kauli ya kwamba umeondoka, na mkutano wa ukoo ukaitishwa. Tangu 2022 wanaojulishwa ni maadmin tu, ingawa mwenye kudadisi bado anaweza kuitazama orodha ya waliotoka karibuni. Kabla ya kufika huko, ipo njia ya kuzima sauti hata moja kwa moja. Michango utaiona, kelele hutazisikia. Kwa grupu la ukoo mimi ningezima tu. Kutoka husomwa kama kauli, na utalazimika kuieleza kwa watu ambao hata hawakuwa kwenye ugomvi.

Na kama mmekwaruzana vibaya na mtu mmoja, mpigie simu. Ipige kabla hamjakutana kwenye shughuli, isiwe mara ya kwanza kuonana ni kwenye foleni ya chakula mmoja akigeukia ukutani. Msianze na siasa. Ulizia watoto, ulizia mvua, ulizia mguu wa bibi. Ikifika siasa, na itafika, mtashangaa jinsi sauti yake ilivyo ya chini kuliko maandishi yake. Mkikata, msirudi grupuni kutangaza nani alishinda.